Tunasingizia Mvua: Mawazo juu ya visingizio na mazoezi ya mwili

Katika vitabu kama hiki umezoea kusoma juu ya mahari, majina ya watoto, kilio, na namna ya kuheshimu wakwe. Ukikuta leo habari ya mazoezi ya mwili, ile watu wa kwetu wanaita spor, pengine utauliza: hii nayo ni desturi? Si mambo ya vijana wa mpira? Nami nilifikiri hivyo miaka mingi. Ninaomba univumilie mpaka mwisho, kisha utaamua mwenyewe kama ulizo hili linatuhusu ao halituhusu.

Nilipokuwa na miaka 44, muuguzi alinipima tansio akapata 17 kwa 10. Akapima mara ya pili, akatikisa kichwa. Daktari aliniandikia dawa, akanikataza chumvi mingi, kisha akaongeza: «Mwalimu, unapashwa kutembea. Si siku ya Mungu tu. Kila siku. Miguu ni dawa isiyonunuliwa.» Nilirudi nyumbani na woga, maana baba yangu mdogo alikufa na tansio, na alikuwa hajafika miaka 50.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu ya asubuhi, nilivaa suruali ya zamani nikatoka. Anayejua Bukavu anajua kama hapa hakuna barabara ya sawasawa: ukitoka nyumbani, ao unashuka kuelekea ziwa, ao unapanda kuelekea Kadutu. Nilianza kukimbia polepole. Nikiwa nahema kama mbuzi wa soko, nikakutana na mama wawili waliotoka ku bwawa la mashua na magunia ya makala mgongoni, mugozi kwenye kipaji, vichwa chini. Mmoja akainua macho, akaniangalia, akauliza:

«Mwalimu, nani njo anakufukuza?»

Mwenzake akacheka. Na mimi nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani haya ilinishika, na majuma mawili sikutoka tena. Mama watoto aliponiuliza sababu, nilimjibu: «Batu banacheka. Mwalimu wa sekondari hawezi kukimbia mu njia kama mwizi.»

Ndugu msomaji, hicho kilikuwa kisingizio changu cha kwanza. Baadaye nilipata vingine vingi, na juu yavyo ninaandika leo. Maulizo yangu ni matatu. Kisingizio ni nini, na kinatofautiana namna gani na sababu ya kweli? Kwa nini mtu anayejua faida ya jambo halifanyi? Na desturi zetu zinaweza kutusaidia namna gani?

1. Kusingizia ni kumsemea mwingine uongo

Tuanze na neno lenyewe, maana lugha yetu ina akili kuliko sisi. Kusingizia ni kumtwika mtu kosa ambalo hakufanya. Mtu akiiba kuku kisha akasema ni mtoto wa jirani, amemsingizia yule mtoto. Kutoka neno hilo tunapata kisingizio. Basi ninaposema «sikutembea leo juu ya mvua», na kumbe hata bila mvua nisingetoka, nimefanya nini? Nimesingizia mvua. Mvua haikufanya kosa. Imebebeshwa kosa langu, na kwa kuwa mvua haina kinywa, haiwezi kujitetea.

Udhuru ni kitu kingine. Mwenye homa ana udhuru. Mwenye kilio nyumbani ana udhuru. Mama aliyezaa juzi ana udhuru, na desturi zetu zilimpa siku zake za kupumzika bila mtu kumuuliza kitu. Wazee hawakuwa wakali mpaka wasijue mapumziko. Walichokataa ni uongo.

Tutajuaje tofauti? Mimi ni mwalimu, kila asubuhi ninasikia wanafunzi wakinieleza kwa nini kazi ya nyumbani haikufanyika. Kwa uzoefu huo nimetengeneza maulizo matatu ya kujipima. La kwanza: mwanafunzi akiniletea neno hili ninalojiambia, ningelikubali? La pili: kizuizi hiki kikiondolewa sasa hivi, nitaondoka kweli, ao nitatafuta kingine? La tatu: jambo hili linanizuia pia kwenda kule ninakopenda?

Ulizo la tatu ndilo kali. Mvua hainizuii kwenda kwenye ndoa. Magoti hayaniumi ninapopanda ngazi siku ya mshahara. Na sijaona mwalimu hata mmoja aliyekosa mshahara juu ya matope. Matope yanaanza kuwa mazito siku ya mazoezi tu.

Utasema: mtu anawezaje kujidanganya mwenyewe? Anayedanganya anajua ukweli, anayedanganywa haujui, nayo haya ni mambo mawili yasiyokaa katika mtu mmoja. Jean-Paul Sartre, Mfaransa, alisumbukia ulizo hili katika kitabu alichotoa mwaka 1943. Alionyesha kama ili kujificha ukweli, mtu anapashwa kuujua vizuri kabisa, sawa vile anayeficha kitu anavyojua mahali kilipo. Mimi ninakubaliana naye kwa sababu moja tu: asubuhi ya kisingizio sikuwahi kulala vizuri. Ninajigeuza kitandani, ninasikiliza kama mvua bado inaendelea, na ikipunguza ninakasirika. Ninajua. Asiyejua angelala.

2. Visingizio vinavyovaa nguo za desturi

Kuna visingizio vya kila mtu, na kuna vile tunavyopatia heshima kwa kuviita mila. Nitachukua vinne vilivyo vya kawaida kwetu.

Kisingizio cha kwanza: «Wazee wetu hawakufanya spor, na waliishi miaka mingi.» Ni kweli hawakuifanya. Lakini tuangalie siku yao. Mama aliamka, akachota maji bondeni, akapanda nayo. Akaenda shambani, akalima kwa jembe mpaka jua likawa kali. Akarudi na kuni, akatwanga sombe mu kinu. Baba alifwata ng’ombe milimani, akakata miti, akajenga, akatembea siku nzima kwenda kuona mkwe. Kukiwa na ndoa walicheza ngoma mpaka asubuhi. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia aende kukimbia jioni, ana haki ya kukucheka. Lakini mimi ninaamka, ninapanda teksi ao pikipiki, ninasimama mbele ya ubao, ninakaa kusahihisha makaratasi, ninarudi, ninakaa tena mbele ya televisheni ao na simu mkononi. Ninakula bugali ya mlimaji na kufanya kazi ya karani. Nimerithi sahani ya babu, sikurithi jembe lake. Mwenye kufwata wazee kweli angefwata na mwendo wao.

Kisingizio cha pili: «Mukubwa hakimbii.» Hiki ndicho kilichonishika siku ya mugozi na makala. Kwetu mtu mwenye cheo anatembea polepole, na tumbo kubwa wengi wanaliona kama alama ya kuwa mambo ni mazuri. Mtu akikonda wanasema anagonjwa, ao bibi hamlishi. Sikatai heshima ya mkubwa. Lakini tansio haiulizi cheo. Na tumbo ambalo zamani lilionyesha kama mtu ana ng’ombe na shamba, leo mara mingi linaonyesha tu kama anakaa sana. Tena, anayeogopa kuchekwa kwa kukimbia anaweza kutembea. Kutembea kwa haraka hakumvunjii mtu heshima, na hata mwami alitembelea milima yake.

Kisingizio cha tatu: «Sina wakati.» Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa maongozi mapya: mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mazoezi ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka. Dakika 150, ukizigawa kwa siku tano, ni nusu saa kwa siku. Na jambo lililobadilika ni hili: zamani walisema kila mara isipungue dakika 10, sasa wanasema hata vipande vidogo vinahesabiwa. Kushuka pikipiki kabla ya kufika na kupanda mlima uliobaki kwa miguu, kunahesabiwa. Kwa mtu wa Bukavu, mwenye milima mbele na nyuma, hii ni habari njema na ni hukumu pia. Wengine huko nje wanalipa pesa ili wapandie mashine inayofanana na mlima. Sisi tumepewa mlima wenyewe, na tunalipa pesa ili tusiupande.

Kisingizio cha nne: «Nitaanza kesho, nitaanza kiangazi, nitaanza mwaka mpya.» Hiki ni kikubwa kuliko vyote kwa sababu hakikatai. Kinasema ndiyo. Mtu aliyekataa, unaweza kubishana naye. Mtu aliyesema kesho umbishie nini? Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ningeongeza: na moyo pia.

Sasa inapashwa niseme neno juu ya udhuru wa kweli, nisije nikamhukumu asiye na kosa. Mwezi wa pili mwaka 2025 vita iliingia mu mji wetu. Mtu aliyebaki nyumbani alfajiri wakati ule hakusingizia kitu. Mama anayeogopa kupita peke yake mahali penye giza hasingizii kitu, na mume anayemwita mvivu anamkosea. Yuko anayekula mara moja kwa siku. Huyu tusimwambie akimbie, tumtafutie kwanza chakula. Kuna mgonjwa wa moyo aliyekatazwa na daktari. Lakini hata udhuru wa kweli una mipaka yake. Katika majuma yale mabaya, mzee mmoja wa kartie yetu alikuwa anapanda na kushuka ngazi saba za nyumba yake, asubuhi na jioni, na mjukuu wake akihesabu. Udhuru ulimkataza njia, haukumkataza miguu.

3. Hamu ni mgeni, desturi ni mwenye nyumba

Ulizo la pili lilikuwa: kwa nini mtu anayejua hafanyi? Katika masomo ya falsafa tulifundishwa kama Socrates aliona haiwezekani. Kwake, anayetenda vibaya hajui vizuri. Aristotle hakukubali. Aliona kuna mtu anayejua kilicho chema na hata hivyo anashindwa, na alifundisha kama wema haupatikani kwa kuujua bali kwa kuutenda mara kwa mara, sawa vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Mimi ninamfwata Aristotle. Nilijua namba yangu ya tansio kwa kichwa, na kujua huko hakukuninyanyua kitandani hata siku moja ya baridi.

Kosa letu ni kungoja hamu. Tunafikiri wanaofanya mazoezi wana hamu kila asubuhi, na sisi hatuna, basi Mungu hakutupatia. Lakini hamu ni mgeni: inakuja siku tatu, inakula, inaondoka. Mwenye nyumba ni desturi.

Wazee wetu wa miaka ile wanakumbuka Muhammad Ali na George Foreman walipokuja Kinshasa. Mimi nilikuwa sijazaliwa, baba ndiye alinisimulia, na baadaye nikasoma. Pigano lilipangwa tarehe 25 Septemba 1974. Siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa katika mazoezi, na pigano likasukumwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Fikiri jambo hili: umefanya mazoezi miezi, mwili uko tayari, halafu unaambiwa ungoje majuma matano mengine, mbali na kwenu, katika joto. Ali, mwenye miaka 32, alibaki N’Sele, akaendelea na mazoezi. Usiku ule, katika raundi ya 8, alimwangusha Foreman mwenye miaka 25. Watu wanasimulia ngumi ile ya mwisho. Mimi ninafikiri majuma yale matano ambayo hakuna aliyepiga makofi.

Lakini Ali alikuwa bingwa, utasema, na alikuwa na pesa mbele yake. Basi tuangalie hapa hapa ziwani. Wavuvi wa sambaza wanatoka magharibi, mashua tatu zimefungwa pamoja na miti mirefu, wanapiga kafi huku wakiimba. Je, kila mmoja ana hamu ya kutoka usiku ule wa baridi? Hapana. Lakini mashua haiendi na mtu mmoja. Mwenzako anakungoja ufukoni, na wimbo unachukua mkono wako hata kama kichwa bado kinalala. Desturi imetengenezwa hivyo: ina saa yake, ina mahali pake, ina watu wake, na ina wimbo wake. Haimuulizi mtu kama anajisikia.

Hapo nilipata mwanga. Sisi wote hapa tunajua likelemba. Watu kumi wanatoa pesa kila mwezi, mmoja anapokea, mwezi unaofwata anapokea mwingine. Nani ana hamu ya kutoa pesa? Hakuna. Na hata hivyo watu wanatoa, hata wale wasio na kitu, kwa sababu jina lao liko kwenye karatasi na mwenzao anangoja. Nikajiuliza: kwa nini tusifanye likelemba ya mwendo?

Tulianza watu wanne: mimi, mwalimu mwenzangu wa historia, jirani fundi wa mbao, na mzee mmoja aliyestaafu. Siku ni tatu: siku ya pili, siku ya ine na posho. Kila juma mmoja ana zamu ya kuamsha wenzake. Asiyetoka bila udhuru analipa kilo moja ya sukari, na mwisho wa mwezi sukari inaenda kwa yule aliyetoka siku zote. Usicheke, ndugu msomaji. Sukari ile ilinitoa kitandani kuliko maneno ya daktari.

Kuna ambaye ataniambia kama hii inafanana na salongo ya miaka ya 1970, ile kazi ya pamoja ya lazima. Jibu langu ni kwamba hazifanani. Salongo ile iliamriwa kutoka juu, na mtu akipata nafasi alijificha. Likelemba watu wanaipanga wao wenyewe, na anayejificha anajificha kwa rafiki zake. Njo maana ya kwanza iliacha uchungu, na ya pili inadumu katika kila kartie bila askari.

4. Siku niliyomtuma mtoto

Ningependa kumaliza hapo, na wewe ungeniona mwalimu mzuri. Lakini nitakueleza yaliyotokea mwezi wa kumi na moja, mvua ilipokuwa ya kila siku.

Zamu ilikuwa yangu. Yule mzee aliyestaafu, mkubwa wetu sisi wote, alikuwa ameugonjwa miaka ya nyuma, upande wake mmoja ulilegea, anatembea na fimbo. Yeye hakukimbia, alitembea nasi mpaka kwenye duka moja ya kona, sisi tunaendelea, tunarudi, tunamkuta, tunapanda pamoja. Asubuhi ile mvua ilikuwa ndogo. Sikwenda kumuamsha mtu. Nikasikia mlango unabishwa. Ni yeye, ameshuka peke yake na fimbo yake. Nikamwambia mtoto wangu wa miaka tisa:

«Enda, ambia muzee kama baba haiko.»

Mtoto akaniangalia. Akaenda. Nikasikia sauti ya mzee: «Ah, basi ametangulia. Nitamukuta kule.» Na fimbo yake ikashuka ngazi.

Saa moja baadaye mtoto alienda kununua mkate. Aliporudi akasema, bila kuniangalia: «Baba, ule muzee angali anakungoja chini ya duka.»

Nilivaa nikatoka mbio, na siku hiyo sikuona aibu ya kukimbia mbele ya watu. Nilimkuta amesimama chini ya mabati, amelowa mabega. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia nilikuwa nimeitwa kwa jirani. Akasema: «Hakuna neno, mwalimu. Tupande.» Tulipanda polepole, yeye akiniegemea, na kila hatua niliona kama mimi ndiye mwenye upande uliolegea. Mwisho wa mwezi nilileta sukari kilo mbili, hakuna aliyeniuliza sababu. Ukweli nilimwambia baadaye, na alicheka, akasema alijua tangu mlangoni, kwa sababu viatu vyangu vilikuwa pale.

Lakini si hapo nilipoumia. Majuma matatu baadaye, mama watoto alimwita mtoto achote maji ya mvua. Nilikuwa sebuleni. Nikamsikia mtoto anamnong’oneza dada yake mdogo: «Sema siko.»

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilielewa kwa nini habari hii ina haki ya kuandikwa katika kitabu cha desturi. Tunafikiri desturi ni zile tunazofundisha kwa makusudi: salamu, heshima, hadithi za wazee. Kumbe kisingizio nacho ni desturi. Kinarithiwa. Mtoto hakunisikia nikimfundisha uongo. Alinisikia tu nikiutumia, na aliona kama unafanya kazi. Nilikuwa nafikiri mwili ni wangu, nikiuacha uharibike hasara ni yangu peke yangu. Si kweli. Mwili wangu umeegemewa na mzee mwenye fimbo, na bibi, na watoto wanaotaka kumaliza masomo. Na uongo wangu mdogo wa asubuhi una mrithi wa miaka tisa.

5. Kumjibu mama wa makala

Nirudi kwa yule mama. Ulizo lake lilinifwata muda mrefu. Zamani nililichukua kama dharau. Sasa ninaliona kama ulizo la falsafa kuliko yote niliyosikia mu kelasi. Nani anakufukuza? Yeye alikuwa na jibu lake: njaa ya watoto inamfukuza, na karo ya shule. Yeye hawezi kusema leo kuna mvua. Akisema hivyo, nyumbani hakuna moto. Kisingizio, kumbe, ni mali ya wale wenye nafasi. Wengine hawana hata pesa ya kukinunua.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kazi yake ni mazoezi mazuri na tumuige. Gunia lile linavunja shingo na mgongo wake, na mji unaomwacha abebe namna ile una deni kwake. Mazoezi yanajenga mwili kwa kipimo na mapumziko. Mzigo ule unaukula. Lakini mwenye nafasi ya kuchagua, aliyepewa miguu isiyobeba gunia, akilala na kusingizia mvua inayomlowesha yule mama njiani, ana jambo la kujiuliza.

Sisemi pia kama kila mgonjwa amejiletea ugonjwa. Wako waliotembea maisha yao yote na tansio ikawapata. Tusimwendee mtu hospitalini kumuuliza kama alifanya spor, tumpelekee uji. Ukali huu ninauelekeza kwangu mwenyewe, na kwa msomaji atakayejiona ndani yake.

Basi tufanye nini? Nitasema machache, maana ushauri mrefu nao ni njia ya kutoanza. Tafuta watu wawili ao watatu, na mmoja awe mzee, kwa sababu mzee hadanganywi. Chagueni siku na kona ya kukutania. Anzeni na mwendo mfupi ambao hata siku mbaya utawezekana. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye ugonjwa aulize kwanza daktari. Siku ukianguka, usingoje mwaka mpya, rudi siku inayofwata, kwa maana desturi haifi kwa kukosa mara moja, inafia ndani ya «nitaanza tena». Na siku usipotaka kutoka, ambia wenzako ukweli: «Leo nimeshindwa na uvivu.» Utashangaa. Neno hilo ni gumu kutamka kuliko kupanda mlima, na mara mingi mtu akilitamka anajikuta tayari amevaa viatu.

Tansio yangu leo ni 14 kwa 9, pamoja na dawa ambazo siziachi. Si muujiza. Mtoto wangu anakuja nasi posho. Yeye ndiye anabeba fimbo ya mzee wakati mzee anapumzika. Na juma lililopita tulikutana tena na mama wa makala, mahali pale pale. Hakucheka. Aliuliza:

«Bado hamujafika tu?»

Nikamjibu: «Bado, mama. Lakini tuko njiani.»